Raketi ya binti wa miaka 11 pale Uyole: ipi inunuliwe na ipi iachwe dukani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Uyole, Mbeya, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kocha. Binti yangu ana miaka 11 yuko darasa la sita, huu ni mwaka wa pili anacheza vinyoya (badminton) shuleni kwao, uwanja wa nje. Anatumia raketi ya chuma, zile zinauzwa mbilimbili kwenye mfuko mmoja. Mwalimu wake anasema mtoto anajua ila mipigo yake ya juu inaishia katikati ya uwanja haifiki nyuma, alafu akipiga ya kutokea chini kinyoya kinatoka nje kabisa. Mjomba wake yuko Dar kasema atamnunulia raketi ya maana, katuma picha tatu. Ya kwanza fupi ya watoto, ya pili imeandikwa 5U G5, ya tatu nyeusi muuzaji anasema ndo ileile ya Axelsen bingwa wa Olimpiki. Bajeti ni laki moja kwa kila kitu. Mjomba anaipenda ya tatu, anasema mtoto atakua nayo. Wewe unasemaje? Na mdogo wake wa miaka 6 naye analia anataka ya kwake."

Marahaba dada. Jibu fupi ni ya pili, hiyo 5U G5. Ya tatu iachwe hukohuko dukani, ya kwanza inaweza kumfaa huyo wa miaka 6 ila sio binti wa darasa la sita. Sasa ngoja nieleze sababu, maana ukimpelekea mjomba jibu tupu atauliza kocha wa Iringa amejuaje wakati raketi hajaishika.

Nianze na hiyo habari ya mtoto kukua na raketi kwa sababu ndo inaharibu watoto wengi huku kwetu. Sweta la shule tunanunua kubwa, mtoto anakunja mikono mwaka wa kwanza, wa pili linamkaa, wa tatu linambana, sawa kabisa. Raketi haikunjwi mikono. Ikiwa nzito au ngumu kuliko mkono wake basi kuanzia siku ya kwanza mwili wake unatafuta njia ya kuikwepa hiyo shida, atashusha kiwiko, atapiga kwa bega zima badala ya mkono wa mbele na kifundo, atachelewa, na hayo yote yanageuka mazoea, akifika miaka 14 ana raketi inayomtosha ila anapiga vilevile kama ilivyokuwa inamshinda. Raketi inunuliwe kwa mkono alionao leo, basi.

Alafu kuna kitu kwenye swali lako nimekisoma mara mbili. Umesema mipigo ya juu inaishia katikati lakini ya kutokea chini inatoka nje. Angekuwa hana nguvu vyote viwili vingekuwa vifupi. Kwahiyo nguvu anayo tena ya kutosha, shida ni kwamba akiwa anapiga juu ya kichwa kichwa cha raketi hakipati spidi. Zile raketi za chuma nyingi zinavuka gramu 100, na sehemu kubwa ya huo uzito imekaa kwenye fremu ya juu, na mtoto anatakiwa aipeleke nyuma ya mgongo, aipandishe, aikute kinyoya mbele ya kichwa chake, yote hayo ndani ya muda ambao hata sekunde moja haijaisha. Hafiki kwa wakati. Anakutana na kinyoya kikiwa kimeshashuka au kimempita kichwani, na hapo hata angekuwa na mkono wa mbeba mizigo wa sokoni Mwanjelwa kinyoya hakiendi nyuma. Kinyoya chenyewe kina kati ya gramu 4.74 na 5.50 kwa mujibu wa kanuni, hicho sio kitu cha kusukumwa na uzito, kinataka spidi.

Ila nisikudanganye, raketi mpya peke yake haimalizi hilo. Mwambie mwalimu wake aangalie vitu viwili. Kwanza je anapojiandaa kupiga ya juu anageuka ubavu, mguu wa upande wa raketi unabaki nyuma, au anasimama kifua wazi kuangalia neti? Pili anashikaje. Watoto waliojifunza wenyewe wengi wanashika raketi uso wake ukiwa umeangalia neti moja kwa moja, kidole gumba kimelala bapa nyuma, na ukishika hivyo mkono wa mbele hauwezi kuzunguka, unabaki kusukuma tu. Ashike kama anampa raketi mkono wa salamu, upande mwembamba wa fremu uangalie chini, alegeze vidole, abane tu pale anapogusa kinyoya. Hilo ni bure na lianze leo kabla mjomba hajatoa hata mia.

Sasa picha zenyewe.

Ya kwanza, ile fupi. Raketi za watoto zinakuja kwa urefu tofauti, nyingi ni inchi 21, 23 na 25, yaani kama sentimita 53 mpaka 63, na ya watu wazima inakaa kwenye sentimita 67 hivi, kanuni za shirikisho la dunia BWF haziruhusu kuvuka milimita 680. Fupi zinawafaa watoto wa kama miaka 5 mpaka 8 au 9 kwa sababu jicho na mkono wao bado havijapatana, raketi ikiwa ndefu wanapiga hewa. Binti wa miaka 11 ambaye tayari anapiga mwaka wa pili ukimpa fupi unamrudisha nyuma. Kama ni mwembamba au mfupi kwa umri wake, raketi ya urefu kamili bado inamfaa, ila ashike juu zaidi kwenye mpini, karibu na pale mpini unapoanzia kuwa mwembamba, raketi inakuwa nyepesi mkononi papohapo. Akizoea anashuka taratibu. Mdogo wake ndo apewe hiyo fupi, hata ikiwa ya alumini ya bei chee haina neno, miaka 6 anachotaka ni kupigapiga na kucheka.

Ya tatu, ya Axelsen. Hapa nina maneno mengi kidogo. Viktor Axelsen ni mdenmark, ana urefu wa mita 1.94, dhahabu ya Olimpiki kachukua Tokyo na tena Paris 2024. Raketi ambayo watu wanaifahamu mkononi mwake ni Yonex Astrox 100 ZZ. Hiyo kichwa ni kizito makusudi na shafti yake ni ngumu sana, ile daraja ya ugumu wa mwisho. Shafti ni huo mti mwembamba kati ya mpini na kichwa. Ukipiga kwa spidi kubwa shafti inapinda kidogo kurudi nyuma alafu inajirudi mbele na kuongeza spidi ya kichwa pale kinapokutana na kinyoya. Mtu mwenye mkono wa haraka sana akitumia shafti laini inachelewa kujirudi, kinyoya kimeshaondoka, ndo maana wakubwa wanataka ngumu. Mtoto ni kinyume chake. Mkono wake hauna spidi ya kupinda shafti ngumu, kwahiyo haipindi kabisa, na isipopinda hakuna kinachojirudi, anabaki na fimbo. Juu ya hapo kichwa ni kizito, kwahiyo kila siku bega na kiwiko vinalipa. Nimeona watoto wa sekondari wanafunga bandeji kwenye kiwiko na ukiuliza raketi gani wanakuonesha kitu kama hicho kwa fahari kabisa.

Na kuna jambo jingine dada, mwambie mjomba kwa upole. Astrox 100 ZZ ya kweli inapita dola 200 za Marekani huko inakouzwa. Kwa bajeti ya laki moja, na bado chenji ibaki ya kununua vinyoya, hiyo anayooneshwa ni feki, hakuna namna nyingine hesabu itakubali. Feki ina rangi nzuri na maandishi yote yapo ila ndani huijui, uzito ulioandikwa sio uliopo, ugumu huujui, fremu inaweza kupasuka mara ya kwanza ikigusana na raketi ya mwenzie. Mimi kati ya raketi feki yenye jina kubwa na raketi ya jina lisilojulikana ambayo angalau haidanganyi nachukua hiyo isiyojulikana, kila siku.

Ya pili sasa, na nikufundishe kusoma hayo maandishi ili hata kama hiyo imeshauzwa mjomba ajue atafute nini. Yanakaa karibu na pale mpini unapokutana na shafti, kwenye kile kifuniko chenye umbo la koni. Herufi U ni uzito wa raketi bila nyuzi, na namba ikipanda uzito unashuka, hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Kwa vipimo vya Yonex ambavyo kampuni nyingi zinafuata 3U ni gramu 85 mpaka 89, 4U ni 80 mpaka 84, 5U ni 75 mpaka 79, na zipo za F chini ya hapo. Binti yako 5U ndo yake, 4U isiyo na kichwa kizito nayo sio mbaya kama 5U haipatikani. 3U asubiri. Na zile za chini kabisa za gramu 60 na kitu watu wanadhani ni nzuri zaidi kwa mtoto kwa kuwa ni nyepesi zaidi, mimi sizipendi kwa anayejifunza kupiga mbali, kichwa kinakosa uzito wa kukipitisha kinyoya na mtoto anaanza tena kulazimisha na bega.

G ni unene wa mpini, nayo kwa Yonex namba kubwa ni mwembamba zaidi. G5 ni sawa kwa mkono wa mtoto wa umri huo. Kupima ni rahisi, ashike kawaida alafu uangalie nafasi kati ya ncha za vidole na kiganja, kidole chake kimoja kiingie hapo. Vidole vikigusa kiganja ni mwembamba, na huo sio ugonjwa, unazungushia gripu moja juu (ule utepe wa kufunga mpini) unanenepa. Mnene ndo tabu maana ukitaka kuupunguza inabidi uvue gripu ya kiwandani. Kwahiyo ukikosea kosea kwenye mwembamba. Ila kampuni nyingine zinahesabu kwa herufi na namba zao tofauti, kwahiyo mjomba aamini kiganja kuliko maandishi, atafute hata mtoto wa jirani wa umri huohuo ashike.

Kwenye shafti aangalie neno la kumaanisha laini, kwa kiingereza chao wanaandika flex au hi-flex, medium nayo inakubalika. Isipoandikwa ashike mpini mkono mmoja na ncha ya kichwa mkono mwingine apinde taratibu, ikipinda kidogo na kurudi bila kulia ni sawa, ikigoma kama bomba aiache. Muuzaji akikataa kujaribiwa hivyo aende duka linalofuata, Kariakoo maduka hayaishi.

Alafu mizani. Aweke raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie bila kuangukia upande wowote, alafu apime kutoka kitako cha mpini mpaka pale kidole kilipo. Ikiwa kati ya milimita 285 na 295 hiyo ni raketi ya katikati, ikivuka 295 kichwa ni kizito, ikiwa chini ya 285 kichwa ni chepesi. Nyuzi na gripu vinasogeza kidogo hiyo namba ila sio sana. Kwa binti yako nataka ya katikati. Watu wengine watakwambia mtoto asiye na nguvu apewe kichwa kizito kimsaidie kusukuma, na kuna ukweli ndani yake kwa mtu mzima mwenye mkono mzuri, ila nimeshakuonesha kuwa huyu shida yake sio nguvu, ni kufika kwa wakati. Kichwa kizito kinamchelewesha zaidi. Na shuleni najua wanacheza wawili wawili au hata watatu kila upande kwa sababu uwanja ni mmoja na watoto ni wengi, huko mbele ya neti raketi inayogeuka haraka ndo inasaidia.

Fremu iwe kaboni, wauzaji wanaiita grafaiti. Kwa bei yenu mtakutana na nyingi zilizochanganywa, fremu ya alumini na shafti ya kaboni au shafti ya chuma. Fremu ya alumini na shafti ya kaboni bado ni hatua kubwa kutoka hapo alipo, naikubali kama ya kaboni tupu imekosekana. Shafti ya chuma hapana, mtakuwa mmenunua aliyonayo kwa bei mpya. Alama ya kuitambua ya bei chee ni pale shafti inapoingia kwenye fremu, kama kuna kiungo cha plastiki chenye umbo la T kimefunika hapo ujue vipande vimeunganishwa. Za kaboni nzuri huioni hiyo, zimetoka kipande kimoja. Umbo la kichwa achague lile lililojaa kama mraba wenye kona za duara, sio lile la yai, maana sehemu ya kati inayopiga vizuri ni pana zaidi, Yonex ndo walilileta mwaka 1992 na siku hizi karibu kila kampuni inatengeneza hivyo.

Nyuzi ndo pana uongo mwingi. Utasikia nyuzi ngumu ndo zinapiga mbali. Ni kinyume. Nyuzi zilizolegea kiasi zinakirusha kinyoya zenyewe na zinamsamehe mtoto akipiga nje ya katikati, ngumu zinampa anayejua uhakika wa wapi kinaenda ila nguvu inatoka kwake mwenyewe. Wanaume wakubwa wa mashindano wanafunga nyuzi kwa mkazo wa karibu paundi 30 na zaidi, binti yako paundi 18 mpaka 21 zinamtosha sana na asipande haraka. Raketi nyingi za bei yenu zinakuja zimeshafungwa kiwandani kwa mkazo mdogo, msizifungue, achezee hizohizo mpaka zikatike. Zikikatika chukua nyuzi nene ya kudumu, ya milimita 0.70, kama BG65 ya Yonex ambayo inajulikana kwa hilo, sio zile nyembamba ambazo zinaita vizuri sikioni na hazimalizi mwezi kwa mtoto. Na hapo utahitaji mtu mwenye mashine, huku kwetu mashine hazipo kila kona, kwahiyo kabla mjomba hajaondoka dukani aulize wanafunga na kwa bei gani, mabasi ya Dar yanapanda huku kila siku, raketi inaweza kwenda na kurudi. Jambo moja msilisahau: uzi mmoja ukikatika kateni na zingine zote siku hiyohiyo kwa mkasi, mkianzia katikati. Mkiacha zimevuta upande mmoja fremu inapinda na hairudi tena.

Sasa nije kwenye kinyoya chenyewe, na hapa naomba hata mwalimu asome maana nadhani nusu ya tatizo la hicho kinachotoka nje kipo hapa wala sio kwenye raketi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Uyole inapanda tena kidogo. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar, hata ukiweka hesabu ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo inaifanya hewa iwe nzito kiasi bado tofauti inabaki kubwa, zaidi ya asilimia 10. Kinyoya kinasimamishwa na hewa tu, hakuna kingine, kwahiyo huku juu kinaenda mbali zaidi kwa mpigo uleule. Sisi Iringa kwenye mita 1,600 hivi tunaliona, Njombe karibu na 2,000 ndo usiseme. Mjomba akinunua vinyoya Dar muuzaji atampa vinavyouzwa Dar, na Dar wanacheza usawa wa bahari.

Vinyoya vya nailoni vina utepe wa rangi kuzunguka kikoki chake, ile sehemu ya mviringo inayopigwa. Kijani ni wa taratibu, bluu wa kati, nyekundu wa haraka. Mbeya nunueni kijani. Vikiwa vya manyoya ya bata, vile vyenye manyoya 16, spidi imeandikwa kwa namba kwenye kopo, kampuni nyingine wanatumia 75 mpaka 79 nyingine 1 mpaka 5, na namba ndogo ndo ya taratibu. Mkitaka kujua kama kinyoya kinafaa uwanja wenu kanuni zenyewe zina kipimo: mtu mzima asimame kwenye mstari wa mwisho, apige kutokea chini kwa nguvu kamili kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni, kinyoya kinatakiwa kidondoke kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa mwisho wa upande wa pili. Kikivuka mstari hicho cha haraka mno kwa Uyole. Fanyeni siku isiyo na upepo, asubuhi mapema kabla haujaamka. Nina hakika mkifanya hicho kipimo na vinyoya mnavyotumia sasa hivi mtapata jibu kuhusu ile mipigo ya chini inayotoka nje.

Kwa mazoezi ya nje nailoni inatosha, manyoya ya bata kwenye uwanja wa vumbi ni kuchoma hela, na kiangazi hewa ikikauka manyoya yanavunjika kama biskuti. Nailoni nayo baridi ikizidi inakakamaa na kupasuka, kwahiyo asubuhi za Julai kopo likae ndani ya jaketi la mtu dakika kadhaa kabla ya kuanza. Upepo wa huko sina dawa yake. Wapo wanaosema nunua raketi nzito ipambane na upepo, hapana, upepo unakipiga kinyoya haujui raketi. Mwalimu ageuze uwanja ili upepo utokee nyuma au mbele badala ya ubavuni, na wabadilishane upande. BWF walizindua mwaka 2019 mchezo wa nje wanaouita AirBadminton wenye kinyoya chake kinachostahimili upepo zaidi, mkikiona dukani sawa, ila msikisubiri.

Bajeti. Laki moja mjomba asiimalizie kwenye raketi. Ningekuwa mimi raketi isivuke elfu 60, makopo mawili ya nailoni ya utepe wa kijani, gripu mbili tatu, ile fupi ya mdogo wake, na kikibaki kitu kiwekwe kwa ajili ya nyuzi za baadaye. Mtoto mwenye raketi ya elfu 50 na vinyoya vya kutosha anapiga mara mia kwa jioni moja, mwenye raketi ya laki na kinyoya kimoja kilichopasuka anakaa kusubiri zamu.

Kabla ya kulipa mjomba afanye haya yasiyochukua dakika tano. Aiangalie raketi kwa kuilenga kutoka kitako cha mpini kama anaangalia ubao umenyooka, kichwa kisiwe kimejipinda upande. Aitikise karibu na sikio, kusiwe na kitu kinachochezacheza ndani. Apitishe kidole kwenye vile vipete vya plastiki ambamo nyuzi zinapita, visiwe vimepasuka. Na kama duka jirani lina mzani mdogo wa dhahabu au wa viungo aiweke, ikiwa imefungwa nyuzi na gripu itaongezeka gramu kadhaa juu ya ile ya kwenye maandishi, ila 5U ikisoma 100 hiyo sio 5U.

Kusafirisha: isiwekwe kwenye buti chini ya magunia, na isiachwe juu ya injini au dirishani kwenye jua kutwa nzima kutoka Dar, joto linalegeza nyuzi. Ifungwe kwenye boksi na mtu aje nayo mkononi au iwekwe juu ya viti.

Ikifika mtegemee wiki ya kwanza mtoto apige vibaya kuliko mwanzo. Mkono umezoea chuma, sasa raketi inafika mapema kuliko anavyotarajia, atapiga kabla ya kinyoya au atakipeleka juu sana. Msiogope na msimrudishie ya zamani. Apige klia tu, ule mpigo wa juu wa nyuma kwenda nyuma, mwalimu akimtupia kwa mkono, bila mechi, bila smashi, ule mpigo wa nguvu wa kushusha chini. Ikivuka mwezi na bado inaishia katikati shida ni ule mshiko na kile kiwiko, mrudi hapo.

Ya kubadilisha hiyo 5U msiwaze mapema. Siku atakayopiga klia kumi mfululizo kutoka mstari wa nyuma mpaka eneo la nyuma la mwenzie, akiwa hajabanwa, na bado analalamika kuwa raketi inalegalega akipiga smashi, hapo ndo tunazungumza 4U yenye shafti ya kati, na nyuzi paundi 22 au 23. Kwa wengi hiyo inakuja miaka 13 au 14, wengine baadaye, haina haraka yoyote. Ile ya chuma abaki nayo rafiki yake wa kufanya naye mazoezi, na mjomba mwandikie hivi ili asipotee: urefu kamili, 5U au 4U, G5, shafti laini au ya kati, mizani katikati, kaboni, nyuzi zisizidi paundi 21, vinyoya vya nailoni utepe wa kijani makopo mawili. Akikosa 5U dukani akapata 4U yenye hayo mengine yote, achukue asipige simu.